Hita ya maji ya gesi: kwa nini mpira wa jiko hautoshi

Kila ifikapo Juni, baridi inapoanza kuuma huku Nyanda za Juu Kusini, meseji zinazoingia studio hubadilika. Za mbolea na bei ya mahindi hupungua, zinaanza za maji ya kuoga. Msimu uliopita kuna swali lilijirudia karibu kila wiki: tumenunua hita ya gesi, mbona inazima mtu akiwa katikati ya kuoga?

Aliyetufanya tulifuatilie swali hilo hadi mwisho ni mama mmoja wa Njombe mjini. Alinunua hita ya lita 10, fundi akaifunga siku hiyohiyo. Ikawa nzuri asubuhi, lakini kila mtu akiwasha jiko kuchemsha chai, anayeoga anamwagikiwa maji ya baridi. Akairudisha dukani, akaongeza pesa, akapewa nyingine. Nayo ikafanya vilevile. Akabadilisha mtungi akidhani gesi ni mbovu. Hali ikabaki ileile.

Tulipofika kwake na fundi gesi aliyesomea kazi hiyo, fundi hakuigusa hita kwanza. Aliufuata mpira. Mtungi ulikuwa jikoni. Kwenye mpira wa jiko palikuwa pamewekwa tii, na kipande kingine cha mpira kikapanda juu ya dari, kikatoboa ukuta na kuingia bafuni. Jumla mita nane. Hita zote mbili zilikuwa nzima tangu mwanzo. Tatizo lilikuwa njia ya gesi.

Halafu fundi akaangalia mahali hita ilipotundikwa: ndani ya bafu lenye kidirisha kimoja kidogo, bila bomba la kutoa moshi. Akamwambia mama yule kwamba kule kuzimazima kulikomkera mwezi mzima huenda ndiko kulikoiponya familia yake. Hayo ya moshi tutayafikia. Tuanze na gesi yenyewe.

Hita moja ni sawa na pleti ngapi?

Wengi tunadhani hita ni kama jiko lililotundikwa ukutani. Si hivyo. Pleti moja ya jiko la kawaida la nyumbani, ikifunguliwa hadi mwisho, hutumia nguvu ya kilowati 2 hadi 3. Hita ndogo ya lita 6 kwa dakika hutumia kilowati 10 hadi 12. Ya lita 10 inafika karibu kilowati 20. Kwa hiyo unapowasha hita ya lita 10, ni kama umewasha pleti saba au nane kwa mkupuo.

Sababu yake ni rahisi. Sufuria ya chai ina dakika kumi za kupata moto. Hita haina muda huo. Maji yanaingia baridi upande mmoja, na ndani ya sekunde chache yanatakiwa kutoka upande wa pili yakiwa tayari ya kuoga. Zile lita 10 zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni lita 10 kwa dakika zilizopandishwa joto kwa nyuzi 25. Maji ya bomba yakiwa na nyuzi 12 asubuhi ya Julai, yanatoka na nyuzi 37, ambalo ni joto la mwili. Ndiyo maana sehemu za baridi kali watu hupunguza kasi ya maji ili yapate moto zaidi.

Kilo moja ya gesi ya mitungi ina nishati ya karibu kilowati-saa 13. Hita ya kilowati 20 ikifanya kazi kwa nguvu zote hula takriban kilo moja na nusu kwa saa. Mtu akioga dakika kumi, ametumia robo kilo hivi. Kishike kiwango hicho cha kilo moja na nusu kwa saa, kwa sababu maelezo yote yanayofuata yanarudi hapo. Gesi hiyo yote ni lazima itoke mtungini, ipite kwenye regulata, ipite kwenye bomba na kufika kwenye hita bila kukwama popote.

Presha ya urefu wa rula

Gesi inayotoka kwenye regulata ya nyumbani ina presha ndogo sana. Kwenye kibandiko cha hita nyingi za gesi ya mitungi utaona imeandikwa 2800 Pa, yaani milibari 28. Ukitaka kuipata picha, chukua rula ya shule ya sentimita 30 uisimamishe. Maji yenye kimo kidogo pungufu ya rula hiyo ndiyo yanayosukuma kwa nguvu sawa na presha yako yote ya gesi. Hakuna akiba nyingine nyuma yake.

Gesi ikipita kwenye bomba inasuguana na kuta za bomba, na presha inapungua. Bomba likiwa refu mara mbili, upotevu nao unakuwa mara mbili. Gesi inayopita ikiongezeka mara mbili, upotevu unakuwa karibu mara nne. Na bomba likiwa jembamba, upotevu unapanda kwa kasi kuliko watu wanavyodhani.

Tuchukue nyumba ya yule mama. Mpira wa jiko una uwazi wa milimita 8 hivi. Bomba la nusu inchi lina uwazi wa milimita 15 au zaidi kidogo. Kwa macho, moja ni mara mbili ya jingine. Lakini kwa gesi ileile na urefu uleule, mpira ule unapoteza presha karibu mara ishirini kuliko bomba la nusu inchi. Katika mita nane, mpira unakula kama milibari 5 au 6 kati ya zile 28. Bomba la nusu inchi halifikishi hata nusu milibari. Ongeza tii, ongeza vichuchu vyembamba vya kuungia mpira, halafu washa jiko wakati huohuo. Moto wa hita unanywea, maji yanapoa, na hita inajizima.

Mafundi waliosomea kazi hii hupanga bomba ili presha isipungue zaidi ya milibari 2 na nusu hivi kutoka kwenye regulata hadi kwenye hita, vifaa vyote vikiwa vimewashwa. Jiko linavumilia upungufu mkubwa kuliko huo, linapika polepole tu. Hita haivumilii.

Bomba gani litumike

Kwa hita moja ya lita 10 iliyo mita kumi hivi kutoka kwenye mtungi, bomba la nusu inchi kwa kawaida linatosha kwa gesi ya mitungi. Kama umbali ni mkubwa, au kuna hita mbili na jiko kwenye njia moja, fundi anapaswa kupiga hesabu, na mara nyingi ataanza na bomba la robo tatu inchi kisha apunguze kwenye matawi. Kila elbo ya nusu inchi ihesabiwe kama nusu mita ya bomba, kwa sababu kona nayo inakula presha. Njia yenye kona kumi imeongezewa mita tano ambazo hazionekani.

Bomba zinazofaa ndani ya nyumba ni za chuma zenye nyuzi, za shaba ambazo mafundi wa friji huziita kopa, au zile za tabaka zenye alumini katikati zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya gesi na zilizoandikwa hivyo. Bomba za plastiki za maji, iwe PVC au PPR, si za gesi. Fundi bomba anaweza kukuambia kwamba amezifunga nyumba nyingi na hakuna kilichotokea. Siku moto mdogo ukitokea jikoni, bomba la plastiki linayeyuka na kuupelekea moto huo gesi.

Mpira una kazi yake, lakini iwe fupi: kutoka mtungini hadi mwanzo wa bomba, na pengine kutoka mwisho wa bomba hadi kwenye jiko. Usizidi mita moja na nusu, uonekane wote kwa macho, ufungwe kwa klipu za bolti kila upande, na ubadilishwe muda ulioandikwa juu yake ukipita au ukianza kupasuka. Usiupitishe ukutani, juu ya dari wala nyuma ya hita. Panya wa darini hawachagui.

Kwenye nyuzi za bomba kuna jambo dogo linalosumbua. Ile tepu nyeupe nyembamba ya bomba za maji haitoshi. Ipo nene ya gesi, aghalabu ya njano, na ipo dawa ya kupaka inayostahimili gesi. Maji yakivuja utaona tone. Gesi ikivuja huoni kitu.

Regulata na mtungi

Unaweza kuweka bomba zuri na bado hita ikazima, kama regulata ni ndogo. Angalia maandishi yaliyo juu yake: inaeleza presha inayotoa na kilo inazoweza kupitisha kwa saa. Regulata ya kilo 1 kwa saa haiwezi kulisha hita inayotaka kilo moja na nusu. Hata ya kilo 1.5 itashindwa jiko likiwashwa pamoja na hita. Jumlisha vifaa vyako vyote, halafu nunua regulata inayozidi jumla hiyo.

Tunaonya hapa: usitafute nguvu kwa kuweka regulata ya presha kubwa, ile inayotumika kwenye majiko makubwa ya mgahawa. Hita ya nyumbani imetengenezwa kwa milibari 28 hadi 30. Ukiisukumia presha kubwa, koki yake ya ndani inaweza kuharibika na moto ukatoka nje ya mahali pake.

Mtungi nao una kikomo. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika. Ili itoke kama gesi ni lazima ichemke, na ili ichemke inachukua joto kutoka kwenye mtungi na hewa inayouzunguka. Mtungi wa kilo 6 una eneo dogo la kupokea joto. Ukiulazimisha utoe kilo moja na nusu kwa saa, unapoa, unatoa jasho na hata kufanya barafu kwa nje, na gesi inapungua ingawa mtungi haujaisha. Kwa hita tumia wa kilo 15 kwa uchache, na familia kubwa ni bora wa kilo 38.

Kwetu baridi inaongeza tatizo. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, lakini butani hukoma kuchemka ikikaribia nyuzi sifuri. Asubuhi za Makete zenye sakitu, mtungi wenye butani nyingi unakuwa mzito kutoa gesi. Usiuwekee mkaa chini wala usiumwagie maji ya moto, maana mtungi si sufuria. Chukua mtungi mkubwa zaidi na uuweke mahali pasipopigwa na upepo.

Mtungi ukae wapi, bomba lipite wapi

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni kama maji na kutuama palipo chini. Kwa hiyo mtungi ukae nje ya nyumba, umesimama wima, juu ya sakafu ngumu, kwenye kibanda chenye matundu chini na juu. Usiwe karibu na mtaro, shimo la maji machafu au dirisha la chini. Ukiwa nje, mpira wa futi tatu unatoka mtungini hadi kwenye koki kuu, na kutoka hapo bomba gumu ndilo linaloingia ndani.

Bomba lipite juu ya ukuta, mahali linapoonekana, likiwa limeshikwa kwa klipu. Linapotoboa ukuta lipitie ndani ya bomba jingine kubwa kidogo ili lisikwanguliwe na saruji. Kama ni lazima lizikwe kwenye plasta, pasiwe na kiungo chochote ndani, maana kiungo kilichozikwa hakikaguliki. Likae mbali na nyaya za umeme, na lisitumike kamwe kama waya wa ethi. Kila kifaa kiwe na koki yake karibu, ili hita ifungwe bila kuzima jiko.

Hita isifungwe bafuni

Sasa turudi kwenye kile kidirisha kidogo. Moto wa hita unahitaji hewa nyingi safi. Hewa ikipungua, gesi haiungui yote, na hapo inatoka kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikereketi koo. Ile harufu ya gesi tunayoijua imewekwa kiwandani ili kutuonya gesi inapovuja. Kaboni monoksaidi haina onyo kama hilo. Ikiingia kwenye damu inashikamana nayo kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa huku mtu anapumua vizuri tu.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu. Mtu anayeoga hudhani ni joto la maji. Anakaa chini kidogo, na hainuki tena. Ikiwa wewe na wenzako nyumbani mnaumwa kichwa kila mkioga, na mkitoka nje mnapata nafuu, zimeni hita leo na msiiwashe hadi fundi aje.

Hita ya kawaida inayovuta hewa ya chumbani isifungwe bafuni wala chumba cha kulala, hata kama kuna dirisha, kwa sababu wakati wa baridi dirisha hilo hufungwa. Ikae nje chini ya paa, mahali pasipopigwa na mvua wala upepo wa moja kwa moja, na maji ya moto ndiyo yaingie bafuni. Ikilazimika kukaa ndani, kama jikoni, iwe na bomba la moshi la chuma linalopanda juu kisha kutoka nje kabisa, si kuishia darini, na chumba kiwe na tundu la hewa lisiloweza kuzibwa. Moto mzuri ni wa bluu. Ukiona wa njano, au masizi juu ya hita, funga gesi.

Kupima kabla ya kuwasha

Kazi haijaisha bomba likishafungwa. Fundi anafunga koki za vifaa vyote, anajaza hewa kwenye bomba kwa pampu, anaweka geji na kusubiri. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja, na hakuna gesi itakayoingia hadi papatikane. Baada ya gesi kuingia, kila kiungo kinapakwa povu la sabuni, na povu likitoa mapovu yanayokua, hapo panavuja. Njia hiyo hata wewe unaweza kuirudia kila unapobadilisha mtungi. Usipime kwa kiberiti, hata kwa utani.

Ukisikia harufu ya gesi ndani, usiwashe wala usizime taa, kwa kuwa swichi inatoa cheche pande zote mbili. Funga mtungi, fungua milango, toa watu nje, na ukiwa nje piga 114 kuwaita Zimamoto na Uokoaji.

Kwa wenye ndugu Dar es Salaam na Mtwara

Kuna nyumba za Dar es Salaam na Mtwara zinazopata gesi asilia kwa bomba moja kwa moja, ile inayotoka Songo Songo na Mnazi Bay. Hiyo ni gesi nyingine. Ni nyepesi kuliko hewa, hivyo ikivuja hupanda juu. Kwa ujazo uleule ina nishati ndogo, kwa hiyo bomba lake huwa pana zaidi. Na nozeli za hita yake ni tofauti. Ndugu yako akihama kutoka mjini na hita ya gesi asilia, usiiunge kwenye mtungi. Soma kibandiko kwanza.

Maswali matano ya kumuuliza fundi

Kabla hujatoa pesa, muulize fundi haya:

1. Hita hii na jiko langu vikiwaka pamoja vinahitaji kilo ngapi za gesi kwa saa, na regulata uliyochagua inapitisha ngapi?
2. Utatumia bomba la aina gani na kipenyo gani, na kwa nini?
3. Mpira utaanzia wapi na kuishia wapi?
4. Moshi wa hita utatokea wapi?
5. Utapima kwa geji mbele yangu?

Anayejua kazi atajibu bila kukasirika. Akikwambia hayo ni mambo ya vitabuni, mpe nauli arudi kwake.

Kwa yule mama wa Njombe, kazi ilichukua siku moja na nusu. Mtungi wa kilo 15 ulihamia nje nyuma ya jiko. Bomba la nusu inchi la chuma likapita chini ya paa, likiwa na tawi la jiko na tawi la hita. Hita ikatolewa bafuni na kutundikwa barazani. Mpira wa mita nane fundi aliukatakata palepale ili usije ukatumika tena. Gharama ya kazi yote, alituambia, haikufikia bei ya ile hita ya pili ambayo hakuihitaji.

Siku ya tatu alitutumia meseji asubuhi, kipindi kikiwa hewani. Chai ilikuwa jikoni, mtoto alikuwa anaoga, na maji yalikuwa ya moto.

Kama una swali kuhusu hita yako, tuandikie kabla baridi haijafika. Swali lako tutalipeleka kwa fundi, na jibu utalisikia hewani.